Modeli za Ukomavu wa Michakato ya Kuunda Programu za Kompyuta: Kioo cha Mhandisi au Kigezo cha Zabuni?

Ikisiri

Makala haya yanaeleza chimbuko, muundo na matumizi ya modeli za ukomavu zinazotumiwa kuboresha michakato ya kuunda programu za kompyuta, hususan modeli ya CMM iliyotokana na Taasisi ya Uhandisi wa Programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, pamoja na warithi wake. Hoja kuu ni kwamba modeli hiyo ilipewa tangu mwanzo kazi mbili zisizopatana kwa urahisi: kumsaidia mtendaji ajione alivyo, na kumsaidia mnunuzi amchague mkandarasi. Kazi ya pili inapozidi uzito, ya kwanza hudhoofika. Makala yanaonesha jinsi Mexico na Brazil zilivyolikabili suala hilo kwa upande wa kampuni ndogo, kisha yanazingatia maana ya uzoefu huo kwa washauri wa sera wa Afrika Mashariki wanaoandaa au kupitia masharti ya ununuzi wa mifumo ya umma.

1.0 Utangulizi

Sharti katika hati ya zabuni laweza kuwa la mstari mmoja tu, nalo likaamua nani apate kazi na nani aikose: mzabuni awe amefikia ngazi ya tatu ya ukomavu wa michakato. Sharti la aina hiyo lilianza katika ununuzi wa kijeshi nchini Marekani, kisha likaenea katika biashara ya programu ulimwenguni. Ni rahisi kulinakili. Afisa ununuzi hahitaji kujua lolote kuhusu uhandisi wa programu ili aliandike, na hapo ndipo ulipo mvuto wake, na hatari yake pia.

Neno ukomavu lenyewe lastahili kutazamwa kabla ya kuendelea. Kiswahili hutofautisha kukomaa na kuiva. Embe lililokomaa limefikia ukubwa wake na laweza kuchumwa, lakini bado ni gumu. Kuiva ni hatua nyingine. Tofauti hiyo, ambayo istilahi ya Kiingereza haiioneshi waziwazi, inaifaa sana mada hii. Modeli hizi hupima iwapo taasisi imekomaa. Hazipimi iwapo programu iliyokabidhiwa imeiva. Taasisi yaweza kuwa na taratibu zilizokamilika na bado ikakabidhi mfumo usiomfaa mtumiaji. Wasomaji wengi wa vyeti hulisahau jambo hilo.

2.0 Chimbuko

Mwaka 1979 ofisi ya ukaguzi wa hesabu ya Bunge la Marekani, GAO, ilitoa ripoti iliyochunguza mikataba tisa ya kuunda programu za kompyuta yenye thamani ya takriban dola milioni 6.8. Programu zilizotumika kama zilivyokabidhiwa, bila kubadilishwa, zilikuwa na thamani ya takriban dola 119,000 tu. Takwimu hiyo ilinukuliwa kwa miaka mingi kana kwamba ni picha ya tasnia nzima. Haikuwa hivyo, kwa kuwa mikataba iliyochunguzwa ilikuwa miongoni mwa ile iliyojulikana tayari kuwa na matatizo. Hata hivyo ilitoa sura ya hofu iliyokuwapo: serikali ilikuwa inanunua kitu isichoweza kukikagua kabla ya kukilipia.

Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianzisha Taasisi ya Uhandisi wa Programu, SEI, mwaka 1984 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh. (Chuo hicho ndicho chenye tawi mjini Kigali lililoanzishwa mwaka 2011, ingawa tawi hilo halina uhusiano na asili ya modeli inayojadiliwa hapa.) Mwaka 1986 Watts Humphrey, aliyekuwa ameitumikia kampuni ya IBM kwa miaka 27, alijiunga na taasisi hiyo. Mwaka huohuo serikali iliomba njia ya kupima uwezo wa wakandarasi wake wa programu, na SEI, ikisaidiwa na shirika la MITRE, ikaanza kazi. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1987: maelezo mafupi ya ngazi tano na hojaji ya maswali 101, kila swali likijibiwa ndiyo au hapana. Humphrey alifafanua fikra hizo katika kitabu chake cha mwaka 1989, Managing the Software Process. Modeli kamili, CMM, ilitolewa mwaka 1991, na toleo lake lililotumiwa zaidi, 1.1, likatoka mwaka 1993 kwa kalamu za Mark Paulk, Bill Curtis, Mary Beth Chrissis na Charles Weber.

Ngazi tano hazikuzuka katika kompyuta. Philip Crosby, mtaalamu wa ubora wa viwanda, alikuwa amechapisha mwaka 1979 jedwali la hatua tano ambazo menejimenti hupitia, kuanzia kutoelewa chanzo cha kasoro hadi kuwa na hakika ya kuzizuia. Nyuma ya Crosby walikuwapo Walter Shewhart, W. Edwards Deming na Joseph Juran, ambao mchango wao waweza kuelezwa kwa ufupi hivi: ubora haupatikani kwa kukagua bidhaa mwishoni, bali kwa kuudhibiti mchakato unaoizaa, na mchakato usiotulia hauwezi kuboreshwa kwa kupimwa, kwa sababu vipimo vyake havifanani leo na kesho. Humphrey na wenzake wa IBM waliihamisha fikra hiyo kutoka kiwandani hadi kwenye meza ya mwandishi wa programu. Iwapo uhamisho huo ni halali kabisa ni swali ambalo bado linajadiliwa. Programu huundwa mara moja na kunakiliwa bila gharama, ilhali fikra za akina Shewhart zilihusu vitu vinavyozalishwa kwa maelfu.

3.0 Ngazi Tano Zinavyofanya Kazi

Ili ngazi hizo zieleweke pasipo kukariri majina, inafaa kuchukua mfano wa kubuni. Kampuni ya watu kumi na wawili mjini Bujumbura inaunda mfumo wa kusajili wagonjwa kwa ajili ya hospitali za mikoani.

Katika ngazi ya kwanza, iitwayo ya awali, kampuni hiyo ina kijana mmoja hodari anayejua kila kitu. Ofisa wa wizara humpigia simu Jumatatu akitaka fomu iongezwe sehemu ya namba ya kitambulisho. Kijana hufanya mabadiliko hayo jioni moja kwa moja kwenye seva inayotumika. Jumatano ofisa mwingine hutaka sehemu hiyohiyo iondolewe. Baada ya miezi sita hospitali tatu zina matoleo matatu tofauti, na hakuna karatasi wala faili inayoonesha lipi lilitoka lini na kwa ombi la nani. Kazi huenda, na mara nyingine huenda vizuri sana. Kisha kijana hupata ajira nyingine yenye mshahara mnono, na mfumo hubaki yatima. Kuwa katika ngazi ya kwanza hakumaanishi uvivu wala ujinga. Maana yake ni kwamba mafanikio ya taasisi yamo vichwani mwa watu wachache na huondoka pamoja nao.

Ngazi ya pili, ambayo CMM iliiita ya kurudika, haidai sayansi yoyote ngumu. Maeneo yake sita ni usimamizi wa mahitaji ya mteja, upangaji wa mradi, ufuatiliaji wa mradi, usimamizi wa wakandarasi wadogo, uhakiki wa ubora na udhibiti wa matoleo. Kwa kampuni ya Bujumbura hili lina maana kwamba ombi la simu huandikwa, hupewa namba, hukadiriwa gharama na kukubaliwa na mtu mmoja anayejulikana upande wa wizara kabla ya kuguswa. Kwamba kila toleo lililo hospitalini linaweza kutambuliwa na kuundwa upya. Kwamba tarehe iliyoahidiwa hulinganishwa kila wiki na kazi iliyokwisha kufanyika. Haya ni mambo ya nidhamu ya ofisi kuliko ya uhandisi. Wataalamu wengi waliofanya tathmini wanakubaliana kwamba hapa ndipo kwenye faida kubwa kuliko kwingine, na pia ndipo kwenye ugumu, kwa sababu nidhamu hiyo humbana mkurugenzi kabla haijambana mwandishi wa programu. Mkurugenzi ndiye anayeahidi tarehe isiyowezekana ili apate mkataba.

Katika ngazi ya tatu, iliyofafanuliwa, taratibu zilizofaulu katika mradi mmoja hukusanywa na kuwa taratibu za taasisi nzima, nazo hurekebishwa kulingana na kila mradi. Hapa huingia mafunzo rasmi na ukaguzi wa wenza, yaani wahandisi kusoma kazi ya mwenzao mstari kwa mstari kabla haijajaribiwa. Kati ya mazoea yote yaliyomo katika modeli, ukaguzi huo una ushahidi wa muda mrefu zaidi: Michael Fagan wa IBM alichapisha matokeo yake mwaka 1976, miaka kumi kabla ya SEI kuanza kazi hii.

Ngazi ya nne huleta takwimu, na ya tano huzitumia takwimu hizo kuzuia kasoro na kubadilisha mchakato wenyewe. Hazihitaji maelezo marefu hapa, ila jambo moja. Mpangilio wa ngazi una mantiki ya lazima katika hatua hii: kampuni isiyo na udhibiti wa matoleo haiwezi kuhesabu kasoro kwa kila toleo, kwa kuwa haijui toleo ni lipi. Anayeruka ngazi ya pili na kununua programu ya kuchora grafu za ubora huchora grafu za ukungu.

Jumla ya maeneo katika CMM ilikuwa 18. Mrithi wake, CMMI, aliyetolewa mwaka 2000, aliunganisha uhandisi wa programu na uhandisi wa mifumo, na katika toleo la 1.3 la mwaka 2010 alikuwa na maeneo 22 kwa upande wa uundaji. Alileta pia njia mbadala ambayo washauri wa sera huisahau: taasisi inaweza kupimwa kwa eneo mojamoja, bila kupewa ngazi moja ya jumla. Umiliki ulihamia katika shirika la ISACA mwaka 2016, na matoleo ya 2.0 na 3.0 yalifuata mwaka 2018 na 2023. Sambamba na hayo, ISO ilijenga kiwango chake cha tathmini, ISO/IEC 15504, kilichorithiwa na mfululizo wa 33000 tangu mwaka 2015.

4.0 Ushahidi Unasema Nini

Mifano miwili hutajwa mara nyingi, na yote miwili yapaswa kusomwa kwa uangalifu.

Wa kwanza ni wa kitengo cha uhandisi wa programu cha Hughes Aircraft kilichokuwa Fullerton, California. Kilipimwa mwaka 1987 kikakutwa ngazi ya pili, na mwaka 1990 kikakutwa ngazi ya tatu. Humphrey pamoja na Terry Snyder na Ronald Willis waliripoti mwaka 1991 kwamba tathmini yenyewe iligharimu takriban dola 45,000 na programu ya maboresho ya miaka miwili takriban dola 400,000, na kwamba kampuni ilikadiria kuokoa takriban dola milioni 2 kila mwaka. Uwiano huo unavutia. Lakini ni makadirio ya kampuni yenyewe, yakiripotiwa na watu waliohusika, katika kitengo cha mamia ya wahandisi kilichokuwa na mteja wa kudumu. Kiasi cha dola 45,000 kwa kitengo kama hicho ni tone. Kwa kampuni ya mfano ya Bujumbura chaweza kuwa mishahara ya miezi mingi, na hakitegemei idadi ya watu kwa kiwango ambacho mtu angetarajia, kwa kuwa watathmini hulipwa kwa siku na nauli ya ndege haipungui kwa sababu mwenyeji ana wafanyakazi wachache.

Mfano wa pili ni timu iliyoandika programu za kuendesha vyombo vya angani vya Space Shuttle, iliyokuwa ya IBM mjini Houston, na iliyokutwa katika ngazi ya tano mwaka 1989. Mwandishi Charles Fishman aliieleza mwaka 1996: programu ya mistari takriban 420,000, watu 260, bajeti ya dola milioni 35 kwa mwaka, na kasoro moja moja katika kila toleo kati ya matoleo matatu ya mwisho wakati huo. Badiliko moja la kuingiza mfumo wa kujua mahali kwa setelaiti, lililohusu mistari 6,366, lilitanguliwa na maelezo ya kurasa 2,500.

Hakuna anayebisha ubora huo. Linalostahili kuhojiwa ni sababu yake. Timu ya Houston ilikuwa imejenga mazoea yake tangu miaka ya 1970, kabla CMM haijaandikwa. Modeli haikuiinua timu hiyo. Timu za namna hiyo ndizo zilizowapa waandishi wa modeli picha ya ngazi ya juu. Kuna tofauti kati ya kusema kwamba wanariadha bora huwa na mapigo ya moyo ya polepole, na kusema kwamba yeyote atakayeyapunguza mapigo yake atakimbia vizuri. Tena timu hiyo ilikuwa na mteja mmoja, aliyejua anachotaka, aliyelipa kwa ajili ya uhakika na si kwa ajili ya kasi. Wizara chache hununua programu kwa masharti hayo.

5.0 Kioo Kinapogeuka Lango

Katika toleo lilelile la jarida la IEEE Software la Julai 1991 ambamo matokeo ya Hughes yalichapishwa, Terry Bollinger na Clement McGowan walitoa uhakiki mkali wa matumizi ya hojaji ya SEI katika kuchagua wakandarasi. Walionesha kwamba upimaji wa ndiyo na hapana ungeweza kuishusha taasisi nzuri hadi ngazi ya kwanza kwa kukosa majibu machache ya msingi, na kwamba ngazi moja ya jumla huficha tofauti nyingi. Humphrey na Curtis waliwajibu hapohapo. Miaka mitatu baadaye James Bach aliandika kwamba modeli inawapuuza watu: inawatazama mashujaa kama ugonjwa wa ngazi ya kwanza, wakati wao ndio huokoa miradi katika ngazi zote. Hoja ya Bach ina chumvi kidogo, lakini haijapoteza nguvu yake. Humphrey mwenyewe, kwa njia yake, aliikubali nusu: kazi zake za baadaye zilihusu nidhamu ya mhandisi mmojammoja na ya timu ndogo.

Uhakiki wa Bollinger na McGowan unagusa kiini cha suala. Tathmini ya kujiona hutegemea ukweli wa wanaohojiwa. Mhandisi anapoulizwa iwapo mabadiliko huandikwa, na akajua jibu litatumika kuboresha ofisi yake, hujibu kwa uaminifu, hata kwa malalamiko. Akiulizwa swali hilohilo huku mkataba wa mamilioni ukining'inia, hujibu alivyofundishwa kujibu. Hati huandikwa wiki mbili kabla ya wageni kufika. Kinachopimwa hakibaki kilivyokuwa, na mwanauchumi Charles Goodhart alikuwa amekwisha kuonesha mwaka 1975, akizungumzia sera ya fedha ya Uingereza, kwamba uhusiano wa kitakwimu huelekea kuvunjika pindi unapofanywa chombo cha udhibiti. Watathmini wazuri wanazijua hila hizo na huzipekua, kwa kusoma barua pepe za zamani na kuhoji wafanyakazi wa chini faraghani. Hata hivyo mvutano haumaliziki.

India inaonesha pande zote mbili. Kuanzia miaka ya 1990 kampuni zake za programu zilikimbilia ngazi za juu kwa wingi, kwa sababu mteja wa Marekani asiyewajua alihitaji ishara ya kuaminika kutoka mbali. Ishara hiyo ilifanya kazi yake ya kibiashara, na nidhamu iliyopatikana njiani ilikuwa ya kweli katika kampuni nyingi. Lakini kampuni hizo zilikuwa kubwa, au zilikuwa matawi ya kampuni kubwa, kama kitengo cha Motorola mjini Bangalore kilichofikia ngazi ya tano mapema. Gharama ya ishara iligawanywa juu ya maelfu ya wafanyakazi na wateja wa fedha za kigeni. Mshauri wa sera anayesema India ilipanda kwa CMM na sisi tupande hivyo, anaacha nusu ya habari.

Kuna pia mambo ya kawaida ambayo hati za zabuni huyakosea. Kwanza, matokeo ya tathmini ya CMMI huhusu kitengo kilichotajwa, wala si lazima kampuni nzima. Kampuni ya kimataifa yaweza kuonesha ngazi ya tano ya ofisi yake ya jiji moja, kisha ikaipeleka kazi kwa timu ya jiji jingine isiyowahi kupimwa. Pili, matokeo yana muda. Kwa tathmini rasmi ya toleo la 1.3 yalidumu miaka mitatu. Tatu, SEI haikuwahi kuyaita matokeo hayo cheti, ingawa neno hilo limezoeleka katika matangazo. Afisa anayepokea nakala ya cheti bila kusoma jina la kitengo na tarehe amepokea picha ya nyumba ya jirani.

Mbinu za wepesi zilizotangazwa na watu 17 huko Utah mwaka 2001 zilionekana mwanzoni kuwa adui wa modeli za ukomavu. Mwaka 2008 SEI yenyewe ilitoa taarifa ikisema mbili hizo zaweza kuishi pamoja, na mjadala huo umepoa.

6.0 Njia ya Kampuni Ndogo: Mexico, Brazil na ISO/IEC 29110

Mexico na Brazil zilikutana na swali ambalo linaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja: nini kifanyike ikiwa kampuni nyingi za nchi ni ndogo mno kwa modeli iliyoandikwa kwa ajili ya wakandarasi wa jeshi?

Mexico ilijibu kwa kuandika modeli yake, MoProSoft, chini ya uongozi wa Hanna Oktaba wa chuo kikuu cha taifa, UNAM, nayo ikafanywa kiwango cha kitaifa mwaka 2005. Iliandikwa kwa Kihispania, jambo ambalo kikao cha wanazuoni wa Kiswahili hakiwezi kulipita kimya. Modeli ya taratibu ni maandishi yanayokusudiwa kuongoza mwenendo wa watu kazini. Yakiwa katika lugha ambayo watu hao huitumia kwa kujibu mitihani tu, husomwa kama mtihani. Istilahi kama mahitaji, toleo, kasoro na ukaguzi wa wenza zipo na zinaeleweka katika Kiswahili bila kubuniwa upya. Kinachokosekana ni hati inayozitumia kwa uthabiti.

Brazil, kwa uratibu wa shirika la Softex, ilianzisha MPS.BR mwishoni mwa mwaka 2003. Tofauti yake kubwa ni mbili. Ngazi zake ni saba badala ya tano, kuanzia G ya chini hadi A ya juu, na ngazi ya G inadai mambo mawili tu: usimamizi wa mradi na usimamizi wa mahitaji. Kidato cha kwanza kimefanywa kifupi ili mwenye miguu mifupi akifikie. Ya pili ni ya kifedha. Kampuni kadhaa za eneo moja huweza kujiunga katika kundi, zikapata mafunzo na ushauri pamoja na kugawana gharama, huku sehemu ikichangiwa na fedha za umma na za Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika. Kila kampuni hupimwa yenyewe, lakini safari hufanywa kwa pamoja. Wasomaji wa kanda hii watautambua mpango huo mara moja, maana hautofautiani sana na ushirika wa wakulima unaokodi mashine moja.

Katika ngazi ya kimataifa, ISO iliunda mwaka 2005 kikundi kazi kwa ajili ya taasisi ndogo sana, yaani zenye watu wasiozidi 25, na kikaitumia MoProSoft kama msingi. Kiwango cha ISO/IEC 29110 kilianza kutolewa mwaka 2011. Wasifu wake wa msingi una michakato miwili tu, mmoja wa kusimamia mradi na mwingine wa kuunda programu. Upo pia wasifu wa kuanzia, unaolenga kampuni zilizo na umri wa chini ya miaka mitatu au miradi isiyozidi kazi ya mtu mmoja kwa miezi sita. Kampuni ya Bujumbura, ambayo katika macho ya CMM ingekuwa ya awali na basi, hapa ina mahali pa kuanzia.

7.0 Ukomavu wa Mnunuzi

Limebaki suala moja, na ni zito kwa wizara kuliko kwa kampuni. Ombi lililozaa modeli hizi lilitoka kwa mnunuzi, lakini hojaji ikaelekezwa kwa muuzaji. SEI ilikuja kulitambua pengo hilo: modeli ya ukomavu wa ununuzi wa programu ilitolewa mwaka 1996, na CMMI ikapata tawi la ununuzi mwaka 2007. Matawi hayo hayakupata umaarufu wa mashina yao. Sababu si ngumu kuikisia. Muuzaji hulazimishwa na mnunuzi apimwe. Mnunuzi hana wa kumlazimisha.

Hata hivyo eneo la kwanza kabisa la ngazi ya pili, usimamizi wa mahitaji, haliwezi kutekelezwa na upande mmoja. Kampuni yaweza kuwa na daftari safi la maombi ya mabadiliko, lakini ikiwa wizara ina maofisa watano wanaotoa maagizo yanayopingana, daftari hilo litaandika tu vurugu kwa mpangilio. Mkandarasi wa ngazi ya tano anayehudumia mnunuzi wa ngazi ya kwanza hulipwa vizuri kwa kuandika vurugu hizo.

Kwa hiyo mshauri wa sera anayepelekewa rasimu ya zabuni yenye sharti la ngazi ya tatu ana la kufanya zaidi ya kulikubali au kulifuta. Kwa mradi mkubwa unaogusa usalama wa maisha au fedha za umma kwa kiwango kikubwa, sharti hilo laweza kubaki, mradi litaje kitengo kitakachofanya kazi na tarehe ya tathmini. Kwa mifumo ya kawaida ya ofisi, ambayo ndiyo mingi, linaweza kubadilishwa na madai ya mazoea yenyewe: mzabuni alete rejista ya mabadiliko ya miradi yake miwili ya karibuni, ikiwa imefichwa majina ya wateja, aoneshe mbele ya kamati jinsi anavyoweza kuunda upya toleo la miezi sita iliyopita, aeleze kwa mfano halisi nini kilifanyika kasoro ya mwisho ilipogunduliwa kwa mteja. Kampuni ya watu kumi na wawili yaweza kuyatimiza hayo kwa saa moja ikiwa inayatenda, na kampuni ya watu elfu kumi haiwezi kuyabuni kwa saa moja ikiwa haiyatendi. Na katika kiambatisho hichohicho cha zabuni, kabla ya orodha ya mambo anayodaiwa mzabuni, wizara iandike jina la ofisa mmoja atakayetia saini kila badiliko la mahitaji, na siku ngapi atachukua kujibu.